Jinsi ya kutabiri magari ya barabara yenu, kwa njia walioianza Detroit na Chicago

Jamani hii naiandikia vijana wa hapa Uganda, wa Jinja, Bugembe, Wairaka, Tororo, Busia na hata Arua, wale wanaoulizwa kwenye mkutano wa LC, yaani baraza la mtaa, "hii barabara miaka kumi ijayo itakuwaje" alafu wanabaki kimya sababu wanaamini kutabiri trafiki ni kazi ya makonsaltanti wenye programu za bei kali. Hesabu zenyewe zilianza enzi za kadi za kutoboa na mashine zilizojaza chumba kizima, na laptopu yako ya kawaida ina nguvu kuzidi zile mashine zote ukizijumlisha. Nitakupa hatua pamoja na historia ya kila hatua ilitoka wapi, na naweka historia kwa sababu moja: kila programu ya trafiki imebeba ndani yake mji iliyozaliwa nao, na mji huo ni wa Marekani ya miaka ya 1950, baba anatoka nyumbani anaingia gari lake anaenda kazini. Boda haipo pale. Taksi ya viti 14 inayosimama kila steji haipo. Mama anayetembea na beseni la ndizi kichwani mpaka soko kuu hayupo. Usipowaingiza kwa mkono wako hawatatokea kwenye jibu, na asiyetokea kwenye jibu hajengewi chochote.

Andika swali kwanza

Kabla ya kufungua kompyuta andika kwenye karatasi swali moja lenye sehemu, saa na mwaka. Mfano: asubuhi kuanzia saa 1 mpaka saa 3, magari mangapi yatakuwa yanatoka Bugembe kuingia Jinja mjini mwaka 2035. Basi. Maswali kama "jam itaisha lini" ni mapana mno, utahangaika mwezi mzima na hutapata kitu cha kumwonyesha mwenyekiti.

Gawa eneo kwa zoni

Mwaka 1953 Detroit walianza uchunguzi mkubwa wa trafiki chini ya bwana mmoja J. Douglas Carroll. Waligawa mji vipande vipande wakatuma watu nyumba kwa nyumba kuuliza jana mlienda wapi, saa ngapi, kwa usafiri gani, kufanya nini. Kuuliza watu majumbani kulikuwepo Marekani tangu 1944, ila Detroit waliunganisha safari na matumizi ya ardhi, yaani kiwanda kinavuta watu wangapi, duka linavuta wangapi, nyumba inatoa wangapi, na hapo ndipo ikawezekana kutabiri, maana ukijua kiwanda kipya kinajengwa wapi unajua safari mpya zitaelekea wapi. Carroll alienda baadaye Chicago kuongoza uchunguzi wa kule, na hao wa Chicago wakatengeneza mashine waliyoiita Cartographatron, inasoma rekodi za safari inazichora kama mistari ya mwanga kwenye skrini alafu wanaipiga picha. Mji mzima unauona kama utando wa buibui. Ukiniuliza mimi hii ndio picha nzuri kuliko zote kwenye historia ya hii kazi, sababu mtu aliona haja ya watu ya kusafiri bila kuona barabara.

Wewe fanya hivi: chukua ramani huru ya mtandaoni ya OpenStreetMap, fungua kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo ni bure, chora zoni zako, yaani vile vipande, ukifuata mipaka ya parishi sababu takwimu za sensa za UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, zinakuja kwa mipaka hiyo. Kwa mji kama Jinja zoni 15 mpaka 20 zinatosha kabisa. Weka pia zoni za nje kwa wanaopita tu, na kwa Jinja hili usilisahau hata kidogo, trela za kwenda Malaba na Busia hazijui Bugembe wala Walukuba, zinapita, lakini zinakula barabara ile ile.

Hesabu, na hesabu vizuri

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika na hakuna programu itakayokuokoa baadaye.

Kabla ya kusimama barabarani na daftari nenda kwa mwenyekiti wa LC1 umweleze, na polisi wa hapo wajue. Watu watatu wamesimama junction siku nzima wanaandika magari, lazima mtu ataleta maneno. Waambie pia wazee wa steji ya boda, hao wakikuelewa watakusaidia kuliko mtu yeyote, wanajua saa gani watu wanajaa na saa gani barabara imelala.

Hesabu kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 1 jioni, siku ya katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, na kama kuna siku ya soko hesabu pia siku hiyo lakini iweke kando usiichanganye. Mimi kazi yangu ya kwanza tulihesabu Ijumaa moja tu ambayo ndio shule zilikuwa zinafunga, mabasi ya wanafunzi na magari ya wazazi yalijaa, tukatoa ripoti yenye namba kubwa ajabu na nilikuja kugundua miezi miwili baadaye nilipopita pale Jumanne barabara imetulia. Iliniuma kweli kweli. Tangu hapo sihesabu bila kuangalia kalenda ya shule, na kwa upande wa Kakira angalia pia msimu wa miwa, trekta moja yenye matela ya miwa inabadilisha mwendo wa barabara nzima nyuma yake.

Fomu igawe kwa dakika 15 dakika 15, na kila aina iwe na mstari wake: wanaotembea kwa miguu, baiskeli, boda, gari dogo, taksi, kosta na basi, lori, trela, trekta. Boda andika na abiria waliobebwa. Ukimaliza utahitaji kubadilisha yote yawe kipimo kimoja ili ujue barabara imejaa kiasi gani, wataalamu wanatumia gari dogo kama 1, pikipiki wengi wanaiweka nusu au chini yake, trela inakuwa mbili au tatu au zaidi kutegemea kilima. Tumia za mwongozo unaokubalika hapo kwenu na uandike umetumia zipi. Ila usitupe ile hesabu ya watu! Ukibaki na kipimo cha magari peke yake boda 400 zinaonekana ni usumbufu wa gari 200, kumbe zimebeba watu mia nane wakiwa na madereva.

Alafu simamisha watu kidogo, mmoja kwa kila kumi, uliza mbili tu: umetoka wapi, unaenda wapi. Abiria wa taksi waulize wakiwa steji wanasubiri, konda hataki kucheleweshwa njiani na ana haki.

Kukua kwa miaka

Njia ya zamani kabisa ni kuzidisha. Thomas Fratar mwaka 1954 akiwa anafanya kazi ya Cleveland alionyesha namna ya kukuza safari za kila zoni kwa kasi yake alafu kuzisawazisha mpaka jumla zikubaliane, na mpaka leo programu nyingi zina kitufe kinachofanya kitu kile kile. Kwako wewe Eksel inatosha: chukua watu wa gombolola au divisheni yenu sensa ya 2014 na ya 2024, gawanya ya 2024 kwa ya 2014, alafu toa mzizi wa kumi sababu kati yake ni miaka kumi. Tuseme walikuwa 20,000 wamekuwa 27,000, hiyo ni kama asilimia 3 kwa mwaka. Magari na boda huwa vinakua haraka kuliko watu kwa hiyo usishike namba moja, shika tatu. Ukiwa na magari 800 kwa saa leo, miaka kumi kwa asilimia 3 inakupa kama 1,075, kwa 5 inakupa 1,303, kwa 7 inakupa 1,574. Unaona tofauti hiyo? Ya chini pengine barabara inavumilia, ya juu inahitaji njia ya pili. Peleka zote tatu mkutanoni.

Nani anaenda wapi

Hatua hii ndio wanaita modeli ya mvutano. Alan Voorhees aliileta kwenye trafiki mwaka 1955, akafikiria kama Newton na sayari zake: sehemu kubwa inavuta zaidi, sehemu ya mbali inavuta kidogo. Unachukua ukubwa wa mahali, yaani kazi zilizopo au vibanda vya soko au wanafunzi, unagawanya kwa muda wa safari uliozidishwa kwa wenyewe.

Mfano wa kubuni tu ili uone. Wairaka asubuhi wanatoka watu 1,000. Jinja mjini kuna kazi 3,000 na ni dakika 20, Kakira kuna kazi 1,000 na ni dakika 10. Mjini: 3,000 gawa kwa 400 ni 7.5. Kakira: 1,000 gawa kwa 100 ni 10. Jumla 17.5. Kwa hiyo Kakira inapata watu kama 571 na mji 429, ingawa mji ni mkubwa mara tatu. Sasa linganisha na majibu ya wale uliowauliza barabarani. Kama wengi wanasema wanaenda mjini basi huku kwetu umbali hauumi kama ulivyoweka, punguza ile nguvu ya muda (kuzidisha muda kwa wenyewe ni nguvu ya 2), badala ya 2 jaribu 1.5, endelea mpaka zifanane. Hiyo kazi ya kulinganisha ndio inaitwa kukalibreti na inachosha lakini bila hiyo unatumia tabia za watu wa nchi nyingine kuwatabiria watu wa Wairaka.

Boda, taksi au miguu

Programu za mwanzo hapa zilikuwa dhaifu sana, walikuwa wanajali gari na basi tu. Mabadiliko yaliletwa na mchumi Daniel McFadden miaka ya 1970, yeye aliangalia mtu mmoja mmoja anavyochagua akipima nauli, muda wa kusubiri, muda wa kutembea, muda wa kukaa ndani. Walijaribu kwenye treni ya BART ya San Francisco iliyofunguliwa 1972, utabiri rasmi ulisema asilimia 15 ya wasafiri watapanda treni, modeli yake ikasema 6.3, ikatokea 6.2. Akapata tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Kwa kwetu jiulize mtu anachagua vipi kweli. Nauli ya boda iko juu ya taksi lakini boda haisubiri kujaa, na huo muda wa kukaa ndani ya taksi ukisubiri abiria wa mwisho ndio unaowafukuza watu. Kwa hiyo kwenye uchunguzi wako pima kwa saa, kaa kwenye taksi mara kumi uandike dakika za kusubiri ijae. Ni data ambayo huwezi kuikuta imetulia kwenye mtandao mahali popote.

Kuyaweka magari barabarani

Mwaka 1957 Edward Moore alionyesha namna ya kutafuta njia fupi kuliko zote ndani ya mtandao, Dijkstra naye akatoa yake 1959, na hao watu wa Chicago wakaitumia mara moja: kompyuta kubwa inatafuta njia fupi kati ya kila zoni na kila zoni alafu inamwaga safari zote pale. Tatizo lake unaliona mwenyewe, kila mtu anabanwa njia moja hata kama imejaa mpaka mlangoni na ya pembeni ni tupu. Dawa ilikuwa imeshaandikwa 1952 na Mwingereza John Wardrop: watu wanahama hama njia mpaka inafika mahali hakuna anayeweza kuokoa muda kwa kubadilisha. Mwendesha boda yeyote analijua hilo bila kusoma. Ila kulifanyia hesabu kunahitaji kujua barabara inapungua mwendo kiasi gani ikijaa, na ofisi ya barabara ya serikali ya Marekani mwaka 1964 ikatoa fomula inayotumika dunia nzima mpaka leo:

muda = muda wa barabara tupu × (1 + 0.15 × (magari ÷ uwezo)⁴)

Uwezo ni idadi ya magari ambayo barabara inaweza kupitisha kwa saa. Ijaribu. Safari ya dakika 10. Magari yakilingana na uwezo inakuwa 11.5. Yakizidi kwa nusu inakuwa kama 17.6. Yakiwa mara mbili inakuwa 34. Ndio maana jam inakuja ghafla, barabara inavumilia inavumilia alafu siku moja imekwama. Lakini hiyo fomula ilipimwa kwenye barabara zisizo na taksi inayosimama katikati kupakia wala boda zinazopenya pembeni, kwa hiyo chukua simu yako, pita barabara yako saa tofauti mara nyingi, andika dakika, chora kwenye Eksel, urekebishe ile 0.15 na ile 4 mpaka mstari upite kwenye alama zako.

Programu ipi utumie

Sheria ya Marekani ya 1962 ilisema mji wowote wenye watu zaidi ya 50,000 lazima uwe na mpango wa usafiri ndio upate pesa za barabara za serikali kuu, na hapo ndipo programu zikazaliwa kwa wingi sababu kila mji ulihitaji hesabu zile zile. Kwanza zilikuwa furushi za serikali za kompyuta kubwa, PLANPAC na baadaye UTPS miaka ya 1970. Zilipokuja kompyuta za mezani miaka ya 1980 kazi ikahamia kwa kampuni na vyuo, EMME/2 ikatoka Montréal, SATURN ikatoka chuo cha Leeds, TransCAD ikaunganisha trafiki na ramani, Wajerumani wa PTV wakaleta VISUM na VISSIM. Ni nzuri, sina neno, ila leseni yake kwa halmashauri ya mji mdogo ni kazi.

Za bure zinatosha. AequilibraE inakaa ndani ya QGIS, inavuta barabara kutoka OpenStreetMap, inafanya mvutano na inagawa magari kwa kanuni ya Wardrop. SUMO ya Wajerumani wa DLR ipo tangu 2001, hiyo inaonyesha gari moja moja linavyotembea, nzuri sana kwa junction moja. Ukiitumia SUMO kumbuka mambo mawili ambayo yamewapotezea watu wetu siku nzima: ukigeuza ramani kwa netconvert weka --lefthand, usipoweka magari yatapita kulia kama Rwanda na kona zako zote zitakuwa uongo. Ya pili, ukitaka boda zipenye kati ya magari washa --lateral-resolution ukaweka namba ndogo kama 0.8, bila hiyo boda inapanga mstari nyuma ya lori kwa adabu, na foleni yako itaonekana ndefu kuliko ya kweli.

Pia kagua ramani yenyewe kwa miguu. Vinjia vya boda vya Walukuba na Masese vingine havipo kwenye OpenStreetMap au vimeandikwa vibaya, viongeze mwenyewe, ukivisahau modeli itawalazimisha watu wote kwenda barabara kubwa.

Pima kabla ya kuamini

Chukua hesabu za sehemu ambazo hukuzitumia kutengeneza modeli, linganisha. Kuna kipimo wanaita GEH, kilitoka London miaka ya 1970: toa hesabu kwenye modeli, zidisha tofauti kwa yenyewe, jibu lizidishe kwa 2, gawa kwa jumla ya hizo hesabu mbili, toa mzizi. Modeli ikisema 600 na wewe ulihesabu 500 unapata 4.26. Chini ya 5 inakubalika, na Waingereza wanataka angalau asilimia 85 ya barabara ulizopima ziwe hivyo. Zikishindwa usichezee namba mpaka zikubali, rudi uangalie zoni na barabara, mara nyingi kosa liko kwenye ramani.

Alafu kuna kosa ambalo hakuna kipimo kinalishika, nalo ni barabara yenyewe kuzaa magari. Northern Bypass ya Kampala, kilomita 21 kutoka Bweyogerere mpaka Busega, ilifunguliwa 2009 sehemu kubwa ikiwa na njia moja kila upande, nyumba zikaota pembeni Naalya na Kyaliwajjala na Najjera, ikajaa, ikabidi ipanuliwe. Uingereza walikubali rasmi mwaka 1994 kupitia kamati ya serikali kwamba barabara mpya inaweza kuleta safari ambazo hazikuwepo. Kwa hiyo endesha modeli mara mbili: mara ya kwanza na watu wanakaa walipo, mara ya pili na viwanja vilivyo karibu na barabara mpya vimejengwa vyote. Nenda kwa ofisi ya ardhi ya mji uulize viwanja vipi vimeshapimwa, watakuonyesha.

Na ujue wakubwa wanakosea pia. Bent Flyvbjerg na wenzake walikusanya miradi 210 ya nchi 14 wakatoa matokeo 2005: nusu ya barabara zilikosea kwa zaidi ya asilimia 20 juu au chini, na treni tisa kati ya kumi zilitabiriwa abiria wengi kuliko waliokuja. Hiyo ndio sababu nilikuambia namba tatu.

Siku ya mkutano

Chapisha ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Lusoga. Ramani moja, zile namba tatu, na mstari unaosema wazi umedhani nini: watu wanakua kwa kiasi gani, viwanja vipi vimejengwa, boda umezihesabu vipi. Weka idadi ya watembeao kwa miguu juu kabisa, hao kwenye ripoti nyingi hukaa ukurasa wa mwisho kama wapo. Mwenyekiti akiuliza ipi kati ya tatu ni ya kweli mwambie mtajua mwaka kesho, sababu utarudi junction ile ile, wiki ile ile, siku ile ile na fomu ile ile, na fomu za mwaka huu ziache nakala kwa LC1 ili hata wewe ukihama Jinja atakayekuja baada yako azikute.